Kushusha Sakafu ya Zege ili Kufika Bustanini
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Halmashauri ya Chama imetutaka tuseme machache juu ya jambo la nyumba. Twajua ya kuwa aghalabu katika mikutano hii husemwa habari za mishahara, likizo na pensheni, na mtu akisimama kusema habari za zege na kokoto yaweza kuonekana kama amepotea njia. Lakini pensheni yenyewe, Mabwana, mwisho wake huwa nini? Mwisho wake huwa nyumba. Mtumishi hufanya kazi miaka thelathini, na fedha aliyoiweka huigeuza matofali na bati. Kisha akiisha kuzeeka hukaa ndani ya nyumba ile, naye akaona ya kuwa aliijenga kwa miguu ya kijana. Ndiyo sababu tumekubali kusema.

Jambo letu ni hili. Yafaaje kuishusha sakafu ya zege katika nyumba iliyokwisha kujengwa, ili mtu asiyeweza kupanda na kushuka ngazi apate kutoka mwenyewe mpaka bustanini? Wengi wameuliza habari hii tangu walipoona kazi iliyofanywa nyumbani kwetu hapa Tanga, na wengine wamekwisha kuita mafundi kabla ya kuuliza. Hao wa pili ndio waliotutia hofu hata tukaandika maneno haya.

Kwanza yafaa tujue kwa nini nyumba zetu zimeinuliwa. Si fahari tu. Wazee wa pwani walijenga baraza na kuinua sakafu kwa sababu walijua masika. Maji ya mvua yakipiga ardhi huruka na kulowesha ukuta. Tena unyevu hupanda kutoka chini kama mafuta yapandavyo katika utambi. Mchwa nao hupenda nyumba iliyo chini kuliko iliyo juu. Kwa hivi desturi ya ujenzi ni kwamba tabaka la kuzuia unyevu, nalo aghalabu ni karatasi ya lami iliyolazwa juu ya msingi kabla ya kuanza ukuta, liwe juu ya ardhi ya nje si chini ya sentimeta 15. Mtu ashushaye sakafu bila kulijua jambo hili huwa anaubomoa ulinzi ambao marehemu baba yake aliulipia.

Nyumba yetu ilijengwa mwaka 1978. Sakafu yake ilikuwa juu ya ardhi ya nyuma kwa sentimeta 45, yaani ngazi tatu, kila moja sentimeta 15. Mama yetu alizishuka ngazi hizo miaka mingi, asubuhi na jioni, kwenda kwenye mchicha wake, bamia, mchaichai, mrehani na asumini zake. Kisha akavunjika nyonga, na tangu hapo hutumia kiti cha magurudumu. Bustani iko hatua nne kutoka mlango wa chumba chake, naye aliiona kwa dirisha tu. Alipotaka kutoka ilikuwa hana budi kungoja vijana wawili wenye nguvu wamnyanyue na kiti chake. Vijana wenyewe walikuwa shuleni au kazini mchana kutwa. Tena yeye si mtu wa kuomba. Basi alikaa ndani, na matuta yakaota majani.

Wengine watasema, mbona msijenge njia ya mteremko nje, mkaiacha sakafu? Hilo ndilo swali la kwanza, nasi twawasihi wote wajiulize hilo kabla ya kushika nyundo, maana njia ya mteremko ni rahisi, ni ya gharama ndogo, na haigusi msingi. Mahali penye nafasi, jengeni mteremko mkaiache nyumba kama ilivyo. Lakini hesabu yake ni hii: kwa kila sentimeta moja ya kupanda, njia iwe na urefu wa sentimeta 12 kwa uchache. Mteremko mkali kuliko huo humshinda mtu ajiendeshaye mwenyewe kwa mikono, na wakati wa kushuka humkimbiza. Kwa sentimeta 45, basi, yatakiwa njia ya meta 5 na sentimeta 40, pamoja na mahali pa usawa mlangoni pa kugeuzia kiti. Uwanja wetu wa nyuma toka ukutani hata ua wa jirani hauzidi meta 7. Njia ingeimeza bustani yote, na mama angefika mwisho wake akakuta ua. Kuipindisha njia ifuate ukuta hatukuweza, kwa sababu upande huo pana shimo la maji machafu na kifuniko chake.

Tukaona ya kwamba sakafu ya chumba chake ikishushwa sentimeta 30, itabaki juu ya ardhi kwa sentimeta 15, na njia ya nje itakuwa meta 1 na sentimeta 80 tu. Sentimeta hizo 15 zilizobaki hatukuzigusa, ijapokuwa fundi mmoja alitushauri sakafu ilingane na ardhi kabisa, akisema ndivyo zilivyo nyumba za kisasa. Hapana shaka nyumba za namna hiyo zipo, nazo zimefanyiwa mifereji na utando tangu mwanzo. Kwa nyumba ya zamani ni kuyakaribisha maji. Wale waliokuwako Dar es Salaam mwezi wa Desemba 2011 wanajua jinsi bonde la Msimbazi lilivyojaa na maji yakaingia majumbani, hata Serikali ikawahamishia watu wengi Mabwepande. Sisi hatukai bondeni, lakini mvua haisomi ramani.

Palikuwa na shauri la jamaa kwanza, nalo lilikuwa zito kuliko zege. Nyumba si yetu peke yetu. Ni urithi wa ndugu watano. Kaka yetu mkubwa hakupenda. Alisema, “Baba aliijenga nyumba hii sawasawa, ninyi mwataka kuichimba tumbo. Siku mkitaka kuiuza, nani atanunua nyumba yenye chumba kilichozama?” Neno lake halikuwa la upuuzi. Dada yetu akajibu ya kuwa nyumba haiuzwi mama angali hai, na akiisha kufa hakuna atakayemwuliza kama alifurahi kukaa dirishani. Tulisemezana siku mbili. Lililomlegeza kaka ni kwamba tuliahidi kufanya uchunguzi wa msingi kwanza, na kama msingi hauruhusu, tuache.

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nyumba huanguka.

Watu wengi hudhani ya kuwa kushusha sakafu sentimeta 30 ni kuchimba sentimeta 30. Sivyo. Sakafu mpya nayo ina unene wake. Hesabuni pamoja nasi kutoka juu kwenda chini: niru na lipu yake sentimeta 3, jamvi la zege sentimeta 10, utando wa nailoni nzito juu ya mchanga wa sentimeta 2, mawe yaliyoshindiliwa sentimeta 15. Jumla ni sentimeta 30 nyingine. Kwa hivi shimo lote, kutoka uso wa sakafu ya zamani, ni sentimeta 60. Na kwa kuwa sakafu ya zamani ilikuwa juu ya ardhi kwa sentimeta 45, tunafika chini ya ardhi ya nje kwa sentimeta 15. Sasa swali: msingi uko wapi?

Jibu halipatikani kwa kukisia, wala kwa kumwuliza aliyejenga, akiwa angali hai. Hupatikana kwa kuchimba kishimo kimoja kidogo nje karibu na ukuta na kimoja ndani, mpaka zege la msingi lionekane. Kwetu tulilikuta uso wake u sentimeta 60 chini ya ardhi. Basi ukuta ulibaki umeshikwa na udongo kwa sentimeta 45 chini ya shimo letu, na hapo tukashukuru. Laiti tungeukuta msingi u juu, sawa na kina cha shimo au karibu nacho, tusingaliendelea. Kuchimba mpaka chini ya msingi ni kuuondolea ukuta mahali pa kusimama. Hata kama hauanguki siku ile, udongo hutoka pole pole, na nyufa huja baada ya mvua ya kwanza. Iko kazi ya kuushusha msingi wenyewe kwa vipande, kipande cha meta moja hivi kisha kingine mbali nacho, lakini hiyo ni kazi ya mhandisi, si ya fundi wa mtaani, na gharama yake ni karibu na kujenga chumba kipya.

Jambo la pili ni kuta za ndani. Kuta za nje na zile zichukuazo paa aghalabu zina msingi wake. Lakini ukuta mwembamba wa kugawa vyumba mara nyingi hauna msingi; umesimamishwa juu ya jamvi lenyewe. Ukilikata jamvi, ukuta nao unabaki hewani. Kwetu ukuta kati ya chumba cha mama na chumba cha watoto ulikuwa wa namna hiyo, wa tofali za inchi 5, wala haukuchukua mzigo wa paa. Tuliubomoa wote kabla ya kugusa sakafu. Kisha tukauchimbia msingi wake, kipande kwa kipande, kwa maana kifusi kilicho chini ya chumba cha watoto kilibaki juu na kilitaka kumwagika upande wetu. Chini ya usawa wa sakafu ya watoto tukajenga kwa tofali za inchi 6 zilizolazwa, ukuta upate unene wa kukizuia kifusi. Juu yake tukaendelea kwa tofali za kawaida. Mtu asiyefanya hivi ataona baadaye sakafu ya chumba cha pili inapasuka pembeni na kuinama, naye atamlaumu muuza saruji.

Kuvunja zege la zamani kulichukua siku tatu kwa nyundo kubwa, tindo na mtaimbo. Chumba ni meta 3 kwa meta 3 na sentimeta 60, na jamvi lilikuwa sentimeta 10. Zege lenyewe ni meta moja ya ujazo na zaidi kidogo. Ni kazi ya nguvu, lakini hatari yake kubwa si nguvu, ni vumbi. Vumbi la zege na mchanga lina chembe ndogo kabisa ziingiazo ndani ya mapafu zisitoke, na ugonjwa wake hauna dawa ya kuuponya. Tuliwapa wafanyakazi barakoa, tukalimwagia maji zege wakati wote wa kuvunja. Wao waliona ni mambo ya kikarani. Sisi tukawaambia kwamba asiyetaka barakoa aje kesho kwa kazi ya toroli. Kadhalika kabla ya pigo la kwanza tuliuliza mabomba na nyaya zinapita wapi, tukafunga maji na kuzima umeme wa upande ule.

Udongo na kifusi viliisha kutoka baada ya toroli zaidi ya mia. Msitupe kitu. Vipande vya zege la zamani, vikipasuliwa viwe saizi ya ngumi, ndivyo mawe ya kushindilia chini ya sakafu mpya. Vilitutosha karibu vyote. Kifusi nacho kilikwenda nje kuwa tumbo la njia ya mteremko.

Sasa twaja kwa unyevu. Tukumbuke ya kuwa lile tabaka la lami katika ukuta liko mahali pake pa zamani, sawa na sakafu iliyoondoka. Sakafu mpya iko chini yake. Kwa hivi sehemu ya ukuta iliyokuwa imefichwa na kifusi sasa imo chumbani, nayo iko chini ya kinga, na unyevu utapanda ndani yake bila kizuizi. Tumeona nyumba ya mwenzetu mmoja iliyoshushwa sakafu vizuri kabisa, lakini baada ya masika mawili rangi yote ya chini ilikuwa imebanduka na chumvi nyeupe imetoka kama unga. Na mzee aliyewekwa humo kwa wema alikuwa akikohoa. Dawa yake ni kuupandisha utando wa nailoni kutoka chini ya jamvi, ufuate ukuta mpaka uguse tabaka la zamani na kupita kidogo, kisha ukuta upigwe lipu ya saruji iliyotiwa dawa ya kuzuia maji. Viungo vya nailoni vipandane sentimeta 30 na kubandikwa. Mfanyakazi asipite juu yake kwa viatu vya misumari. Kabla ya nailoni, udongo unyunyiziwe dawa ya mchwa upya, maana ile iliyotiwa zamani imekwisha kuchukuliwa na kifusi. Tena mchwa hupenda kupita katika ufa ulio kati ya jamvi na ukuta.

Zege lilichanganywa kwa kipimo cha moja, mbili, nne: saruji ndoo moja, mchanga ndoo mbili, kokoto ndoo nne. Kwa chumba hicho ilitumika mifuko 7 ya kilo 50. Maji yawe ya kutosha tu kulifanya lifanye kazi. Fundi mvivu hupenda zege kama uji kwa sababu hujilaza lenyewe, lakini maji mengi huliondolea nguvu. Likiisha kukaza lisiachwe likauke upesi. Lifunikwe magunia na kumwagiwa maji siku 7 kwa uchache. Nguvu yake hupimwa siku ya 28. Mama alikuwa kwa dada yetu wakati huo, na kila siku alipiga simu kuuliza kama zege limekunywa maji.

Twataka kutaja neno moja alilolisema yeye. Kabla ya kazi kuanza fundi alikwenda kumwamkia, akamweleza mambo yote kwa ufasaha. Mama akamsikiliza hata mwisho, kisha akasema, “Marahaba, baba, nimefahamu. Lakini maji ya masika yatapita wapi?” Fundi akasema kuna sentimeta 15. Mama akasema, “Mimi sijui sentimeta. Najua ya kuwa mvua ikinyesha, maji hutoka kwa jirani yakaja chini ya dirisha langu. Nimeyatazama miaka arobaini.”

Tukaenda kupima kwa mpira wa maji. Ni kweli. Ardhi ya bustani iliinama kuelekea nyumbani kwa sentimeta 9 kutoka uani. Sentimeta 15 za kinga zingelikuwa 15 siku ya jua tu. Kwa hivi tulikwangua ardhi iliyo karibu na ukuta na kuiinamisha kwenda pembeni; tukaweka mfereji wa zege wenye kifuniko cha chuma chenye matundu mbele ya kizingiti, mtu apite juu yake kwa kiti bila kukwama; na maji ya mfereji yakaongozwa mpaka shimo la mawe mbali na msingi na mbali na shimo la maji machafu. Paa nalo lilipata mfereji wa bati na tangi, na mama humwagilia kwa maji hayo. Masika yamekwisha kupita mara mbili tangu hapo. Maji yalifika mferejini, hayakufika kizingitini.

Yako mambo madogo ambayo fundi hayafikiri kwa sababu yeye hakai chumbani humo. Sakafu ikishuka, kila kitu kilichoko ukutani hupanda. Kizingiti cha dirisha kilichokuwa sentimeta 90 kikawa meta 1 na sentimeta 20, na mtu aliyeketi haoni nje ila mbingu. Ingekuwa kichekesho kumfungulia mama mlango wa bustani na kumfungia dirisha lake. Tukaondoa kozi moja ya tofali chini ya dirisha. Swichi ya taa ikawa juu kuliko mkono wake, ikashushwa. Mlango nao ukabaki na pengo la sentimeta 30 chini. Tukaagiza mwingine, mpana wa sentimeta 90, na kwa kuwa lenta ya nyumba yetu inazunguka kuta zote, upana huo haukutaka mashaka. Faida tuliyoipata bila kuitafuta ni kwamba dari limekuwa mbali, na chumba kina baridi kuliko vyote.

Lakini liko jambo moja ambalo si dogo. Tukimpa mama njia ya kwenda bustanini, twamkatia njia ya kwenda sebuleni? Chumba chake kilikuwa chini ya nyumba nzima kwa sentimeta 30, na ngazi mbili zilizoondolewa nje zingehamia ndani. Yako majumba tuliyoyaona yaliyofanywa hivyo: mzee hutoka uani kwa raha, na wageni wakija hukaa peke yake nyuma kama mtumishi. Tulimwuliza mama achague kama ikilazimu. Alinyamaza, kisha akasema kwamba wageni wana miguu, mchicha hauna. Hatukuridhika na jawabu hilo. Ukumbi wa kupita, toka sebuleni mpaka mlango wa chumba chake, una urefu wa meta 5, na kuta zake mbili zina msingi. Tukaushusha nao kwa mteremko: meta 3 na sentimeta 60 za kuinama, kisha meta 1 na sentimeta 40 za usawa mbele ya mlango wake pa kugeuzia kiti. Mlango wa chumba cha watoto u karibu na sebule, ukapata kijikingo cha sentimeta 5 tu. Kazi ya ukumbi huo ilitugharimu karibu sawa na chumba chenyewe, na kaka yetu ndiye aliyeilipa.

Njia ya nje ni pana ya sentimeta 90 na zaidi, ina kingo pande mbili ili gurudumu lisitoke, na uso wake ulikwaruzwa kwa ufagio mgumu kabla ya kukauka, usiteleze wakati wa mvua. Pembeni yake pana bomba la chuma la kushika. Mwisho wake matuta mawili yameinuliwa kwa matofali kufika usawa wa magoti, mtu aliyeketi ayafikie kwa mikono.

Tumalizie kwa mambo ya ofisi, maana sisi ni makarani. Anayekaa katika nyumba ya Serikali au ya kupanga asichimbe kitu. Sakafu si yake. Na aombe kwa barua, si kwa mdomo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imetaka majengo yatumiwayo na watu wote yafikike, lakini nyumba ya mtu ni juu yake mwenyewe. Anayekaa katika nyumba yake aende Halmashauri ya mji kuuliza kibali kabla ya kubadili jengo. Wenzetu walio Unguja ndani ya Mji Mkongwe, ulioandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na walio Lamu, ulioandikwa mwaka 2001, mambo yao ni mengine kabisa: kuta zao ni za mawe ya matumbawe na chokaa, hazipendi saruji wala mtikisiko wa nyundo, na ruhusa yake ni ya idara zinazolinda miji hiyo. Tena kazi ianze Januari, mvua za vuli zikiisha, ili zege lipate siku zake kabla ya Machi. Mwenye kuanza Machi ataogelea shimoni.

Mchoro wa nyumba yetu pamoja na vipimo vyote, na orodha ya vifaa kama tulivyovinunua, tumemwachia Karani wa Chama. Yeyote atakaye aunakili, lakini asiupeleke kwa fundi wake kabla ya kuchimba vile vishimo viwili. Na atakaye kuona kazi yenyewe aje Jumamosi alasiri. Mama huwa yuko nje wakati huo, naye atawaeleza habari za maji kuliko sisi.